Mama Mkwe Amefungiwa Stoo: Risala ya Wazee wa Bado Twenda

Mgeni rasmi, uliyepambana na foleni ya Bagamoyo Road mpaka ukatufikia; Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa wa Misufi Pacha, Bwana Twaha; wajumbe wa meza kuu; Nesi Herieth wa zahanati yetu; wazee wenzangu mliokaa na mnaotamani kusimama; mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna mtu nimemruka anisamehe, ndio uzee wenyewe huu tuliokuja kuuzungumzia.

Kwa umri wako, mheshimiwa, wewe ndiye wa kutuamkia, na ulipopita mbele yetu umetuamkia mmoja mmoja. Tumeona. Marahaba sana, mwanetu.

Anayekusomea ni mie, Mwanakombo, katibu wa Kikundi cha Wazee Bado Twenda. Wengi hapa wananijua kwa kazi yangu nyingine, ya kufunda mabinti kabla hawajaolewa, kwa hiyo kusema mbele za watu hakunipi shida. Kinachonipa shida ni kusoma maneno yaliyokwisha kukaguliwa. Risala hii ilipelekwa ofisi ya mtaa ikiwa nene, ikarudi imekonda. Yaliyokatwa nimeyaacha hukohuko. Yale waliyosahau kuyakata ndiyo nitakayoyasoma.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu Misufi Pacha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sie wenyeji wako, kwa kweli, tunaumwa. Usije ukadhani tunakukaribisha kwa kujikomba. Tuna shida na wewe.

Tunakushukuru kwa kufika leo hiihii, maana ratiba ilisema asubuhi na sasa jua limekwisha kupinduka. Tumekaa chini ya turubai hili tangu vijana wa muziki hawajamaliza kufunga spika zao, tukikusubiri uje utuzindulie kampeni ya "Zeeka kwa Afya", ambayo ujumbe wake mkuu, kama tulivyousoma kwenye bango, ni kwamba kukaa muda mrefu ni hatari kwa mzee. Ujumbe tumeuelewa. Tumeuelewa kwa viuno na kwa magoti. Bi Munira aliomba asimame kidogo anyooshe mgongo, mshereheshaji akamwambia, "Bibi, kaa, unaziba kamera."

Bango lenyewe ni zuri. Lina babu na bibi wa Kizungu wanakimbia ufukweni, meno yote yapo, na mbwa wao anakimbia mbele. Tumewatafuta mtaani hapa hatukuwapata. Tunawatakia heri huko waliko. Na fulana tulizogawiwa ni nzuri pia, ila zimekatwa kwa kifua cha kijana. Ya Mzee Wilfred iliishia kitovuni, akaivua, akasema mjukuu wake atazeeka nayo kwa afya.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu hakikuanzishwa na mradi wala na mfadhili. Kilianzishwa na woga. Nesi Herieth alikuwa akitupima presha na sukari, akiangalia kipimo, akitikisa kichwa. Siku moja akaacha kutikisa kichwa, akasema, "Wazee wangu, mie dawa nawapa, lakini dawa hizi zinataka mwenzao. Tembeeni. Tembeeni mpaka jasho liwatoke. Na mtembee pamoja, maana nawaona mnavyokaa peke yenu majumbani mnaongea na televisheni."

Tukasema, ah, kutembea tu? Nani atashindwa kutembea?

Mheshimiwa, wewe hujazeeka bado, hujui. Huku kwetu mtu mzima hatembei hivihivi. Anakwenda msibani, anakwenda sokoni, anakwenda kusali, anakwenda kudai chake. Mzee akionekana barabarani mikono mitupu, anakwenda mpaka kona, anageuka, anarudi alikotoka, huyo ana jambo. Bi Munira alitoka asubuhi kufanya mazoezi kama alivyoagizwa. Kijana wa bodaboda, mtoto wa watu mwenye adabu zake, akamwona anazungukazunguka, akampakia kwa nguvu za upole mpaka nyumbani, akawaambia wanawe, "Mchungeni bibi, ameanza kupotea." Kesho yake akamrudisha tena. Bi Munira akawa anafanya mazoezi ya kupanda na kushuka pikipiki.

Mzee Wilfred naye ni mchongaji mstaafu wa pale Mwenge, kwao Newala. Macho yake yamezoea mbao, kwa hiyo akitembea anaangalia milango ya watu, anapima kwa jicho huu mninga, huu mkongo. Madalali wakamfuata nyuma. "Mzee, unauza au unanunua?" Akawaambia hauzi wala hanunui, anatembea. Wakaona huyu mzee mjanja, ana kiwanja kikubwa anakificha, wakazidi kumfuata. Mie nikipita, mageti yalikuwa yakifungwa. Watu walidhani nimeleta kadi za mchango wa harusi.

Sasa nifike kwa Mzee Mwishehe, na hapa niseme jambo mapema. Mzee Mwishehe ni mume wangu. Kikao cha kikundi kimeamua kwamba katika risala hii nimwite "mwanachama mwenzetu", isije ikaonekana katibu ameleta mambo ya chumbani kwake mbele ya mgeni rasmi. Nimekubali. Yule pale, mstari wa mbele, kiti cha pembeni, mwenye kofia na bakora mapajani.

Kiharusi kilimpiga mwanachama mwenzetu upande wa kushoto. Hospitali walimfundisha mazoezi ya viungo, wakaniachia nimsimamie nyumbani. Inua mguu, shusha mguu. Inua, shusha. Akagoma. Alisema, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, "Mwanakombo, mie nimeamrishwa na matajiri miaka yote. Sasa na mguu wangu nao niuamrishe? Uache upumzike." Akakaa.

Basi siku moja Marijani, mpiga ngoma wetu, alikuwa barazani kwetu na ngoma kubwa ambayo Mzee Wilfred alikuwa amemaliza kumchongea. Anaijaribu ngozi. Akawa anapiga mdundiko, polepole tu. Mie nipo jikoni, nikasikia kitu kinaburuzika. Nikachungulia. Mwanachama mwenzetu alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya baraza, na ule mguu wa kushoto, mguu uliomkatalia daktari ukanikatalia na mie, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Mwenyewe wala hakuwa akiutazama. Alikuwa akimtazama Marijani na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nililia, mheshimiwa, siwezi kuficha. Mchuzi uliungua siku hiyo tukaula hivyohivyo.

Ndipo akili ilipotujia. Mdundiko, kwa mliohamia mjini juzijuzi, ni ngoma ya Wazaramo inayotembea. Haichezwi uwanjani. Inatoka kwenye nyumba, inashika njia, inapita mitaa, na walio barazani wanainuka wanaifuata. Watu wazima wamewahi kuufuata mdundiko wakaacha maharage jikoni. Na uzuri wake ni huu: mdundiko hauulizwi unakwenda wapi. Mzee akiwa nyuma ya mdundiko hajapotea, hauzi kiwanja, wala hajaleta kadi ya mchango. Yuko kwenye mdundiko, basi, yameisha.

Ngoma ile kubwa tukaipa jina, Mama Mkwe, kwa sababu akisema yeye hakuna anayebaki amekaa.

TULIYOYAPATA

Jumamosi ya kwanza tulitoka kwetu na Mama Mkwe mbele, tukashika njia ya msikitini, tukapita kanisani, tukazunguka nyuma ya soko. Nyuma yetu kukawa na msafara. Akina mama wameacha kusuka, vijana wa kuosha magari wameacha ndoo. Tulipofika mwisho, Nesi Herieth akaanza kutupima presha palepale chini ya ukuta, watu wakatushangaa. Dada mmoja akauliza, "Jamani, bibi harusi yuko wapi?" Kumbe walikuwa wamefuata pilau. Mzee Wilfred akamwonyesha Bi Munira aliyekuwa amefungwa kipimo mkononi, akasema, "Bibi harusi ndiye huyo, ndiyo anavalishwa bangili." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wiki iliyofuata walikuja tena, wakijua kabisa hakuna pilau.

Mafanikio tuliyoyapata ni haya. Presha zilishuka, Nesi Herieth ni shahidi na yupo hapa, ingawa hajapangiwa kusema. Bi Munira alianza kulala usingizi wa kweli badala ya kuhesabu mabati. Mzee Wilfred magoti yake yaliacha kulia kama mlango wa zamani. Wazee waliokuwa hawasalimiani kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja walijikuta wanacheza bega kwa bega, na ni vigumu sana, mheshimiwa, kumnunia mtu mnayekatika naye kiuno. Wapo waliofiwa na wenza wao, walikuwa hawatoki ndani. Walitoka.

Na mwanachama mwenzetu Mzee Mwishehe alianza kwa kutusindikiza mpaka getini. Kisha mpaka kona ya msikiti. Mwisho akawa anamaliza mzunguko mzima na bakora yake, jasho linamtoka, anamzomea Marijani akipunguza mwendo. Ulimi nao ukafunguka. Alirudi kunitania. Naomba nisiyasome hapa aliyokuwa akinitania.

CHANGAMOTO, AMBAYO NI MOJA

Tumeelekezwa kwamba changamoto zisizidi moja, kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Tumetii. Tunayo moja tu.

Upande wa juu wa mtaa wetu zimejengwa nyumba nzuri, zenye kuta ndefu na nyaya juu yake. Wenye nyumba hizo ni watu wema, tukiwaona. Walipeleka malalamiko kwamba Jumamosi asubuhi wanapumzika kwa ajili ya afya zao, na ngoma ya wazee wanaotafuta afya inawaharibia. Kikaitishwa kikao. Bwana Twaha akasimama akasema, kwa upole kabisa, maana ni kijana mpole na mkewe nimemfunda mwenyewe, "Wazee wangu, msinielewe vibaya. Ngoma ikilia sana hupasuka. Sie tunaitunza." Wakaichukua.

Uamuzi ulikuwa kwamba ngoma ihifadhiwe stoo ya ofisi ya mtaa, itolewe kwa shughuli za kiserikali na mapokezi ya wageni pekee, tangu mgeni aingiapo mpaka mgeni aondokapo. Bwana Twaha, nadhani nimeyasema maneno yako kama ulivyoyasema. Unaitikia kwa kichwa, ahsante.

Tangu hapo Mama Mkwe amekuwa mtumishi wa umma. Ametolewa kumpokea mgeni aliyekuja kuweka jiwe la msingi la mtaro. Ametolewa kumpokea mgeni aliyekuja kuangalia kama jiwe bado lipo. Hapo akilia si kelele, ni utamaduni wetu. Na sie tunapangwa mstari, tunaambiwa tucheze palepale tulipo, tusisogee, tusije tukaingia kwenye zulia. Mdundiko umefundishwa kusimama. Na leo spika hizi, kubwa kuliko kabati la nguo, zimepiga singeli tangu asubuhi, na kuta za kule juu hazijalalamika. Tunawapongeza kwa kuzoea.

Tulijaribu kutembea bila ngoma. Kijana wa bodaboda akaanza tena kumrudisha Bi Munira.

Mwanachama mwenzetu hakuwahi kwenda kwenye hayo mapokezi hata mara moja. Nilimbembeleza. Akasema, "Mdundiko uliosimama ni kelele tu." Sijui kama alikubaliana na watu wa kule juu au la. Akabaki nyumbani. Kwanza ikawa kona ya msikiti hafiki. Kisha getini hafiki. Siku hizi kutoka kitandani kuja kitini anashikwa huku na huku, na ule mguu wa kushoto unakuja nyuma kama gunia. Maneno nayo yanakauka. Anautazama ukuta. Namuuliza, "Unaona nini hapo?" Anaendelea kuutazama. Nesi Herieth alinivuta pembeni, akaniambia, "Mama, mguu ukikaa sana bila kuitwa unasahau. Huu umeanza kusahau. Ukisahau kabisa sitakuwa na la kuwasaidia."

Mheshimiwa, ninaogopa. Hapa pameandikwa "kikundi kina wasiwasi". Basi kikundi kina wasiwasi.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, tumeambiwa na ofisi kwamba hukuja mikono mitupu. Umetuletea mashine ya mazoezi, ile pale iliyofunikwa kitambaa cha bluu chenye utepe. Tumeelezwa namna inavyofanya kazi. Mzee anapanda juu yake, anawasha umeme, anatembea kwa nguvu, na hafiki popote. Tunakushukuru sana. Mzee Wilfred ameizunguka, akauliza, umeme ukikatika ukiwa umefika katikati unarudije nyumbani, akaambiwa anyamaze.

Bwana Twaha amekwisha kutuhakikishia kwamba mashine hii, kwa thamani yake, haitaachwa ovyo. Itafungiwa stoo, palepale anapofungiwa Mama Mkwe.

Sasa, mheshimiwa, stoo ile sie tunaijua. Ina viti vya plastiki, ina masufuria ya shughuli, ina mabango ya wageni waliotangulia, na siku zisizo na mgeni ina Mama Mkwe amelala ubavu. Hamna nafasi. Mashine haiingii. Na sie kama wazee wenye uchungu na mali ya umma tumekaa, tumejadiliana, tukaona tusiiachie ofisi mzigo huu peke yake. Tunajitolea kuipunguzia stoo vitu. Tupo tayari kuihifadhi ngoma nyumbani kwetu, kwa gharama zetu, ili mashine ya kutembea bila kwenda ipate mahali pazuri pa kukaa.

Ombi letu ndilo hilo. Hatuombi fedha, hatuombi fulana nyingine. Tunaomba ngoma irudi barazani, na Jumamosi asubuhi turuhusiwe kupita. Kuta za kule juu, tuko radhi kuzipita kwa mdundo mdogo. Au wafungue mageti, watoke. Nao watazeeka.

Na kama ombi hili ni gumu kulijibu hapa, kwa sababu tunajua wageni rasmi huyachukua maombi wakaenda kuyafanyia kazi, na kazi yenyewe huwa ndefu, basi tunaomba jambo dogo zaidi. Ulipoingia ulipokewa na spika. Mama Mkwe amewekwa kwenye ratiba baada ya risala hii, chini ya maneno "burudani fupi". Yuko pale pembeni, Marijani amemshika. Mwanachama mwenzetu hajamsikia tangu siku alipochukuliwa. Na leo hakujua anakuja huku. Nimempandisha bajaji nikimwambia tunakwenda kwa kinyozi. Mpaka sasa anasubiri kinyozi. Nilimwona, mheshimiwa, ulipokaa karibu naye, anakutazama mikono, anatafuta mkasi.

Tunakuomba, ngoma itakapoanza, usitutazame sie tunaocheza. Sie tutakuwa tumepangwa mstari nje ya zulia, utatuona hata kwenye picha. Mtazame yeye. Utazame mguu wa kushoto. Usipotikisika, basi ngoma irudi stoo, ufunguo ukae kwa Bwana Twaha, na mie mwenyewe sitakuja tena ofisini kwake kumsumbua. Hilo wenzangu hawakuliandika, nimeliongeza mie sasa hivi. Munira, usinivute kanga, nimekwisha kusema.

Tumekubaliana na Marijani kwamba nikimaliza dua nitainua mkono, ndipo aanze. Kwa hiyo sasa, mheshimiwa, kwa niaba ya wazee wote wa Misufi Pacha, naomba niingie kwenye hitimisho. Tunamuomba Mwenyezi Mungu akujaalie umri mrefu na...

Marijani! We Marijani! Nimejifuta jasho, sijainua mkono! Dua bado!

Mheshimiwa, samahani sana. Ratiba imevurugika, kosa ni la kikundi. Mshereheshaji, hebu mwambie... Mwanangu, niachie kipaza sauti, nipo katikati ya dua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu akujaalie umri mrefu, na akupe uzee wenye...

Jamani.

Jamani, bakora imeanguka. Nani amemshika? Msimshike! Herieth, mwache, usimshike. Ameshika mgongo wa kiti cha mheshimiwa. Mheshimiwa, nakuomba, usiinuke, kiti chako kitapinduka. Kaa hivyohivyo. Leo kukaa kwako kuna faida.

Mume wangu amesimama.

Mwanachama mwenzetu... hapana. Mume wangu. Mume wangu amesimama, na kikundi kinisamehe. Mwishehe! Utazame mguu huo! Nani alisema umesahau?

Marijani, usipunguze. Ukipunguza atakuzomea. Mnamsikia? Anamzomea! "Kaza, mvivu we!" Huo ni ulimi wake, mheshimiwa, ndivyo anavyosema, ndivyo alivyokuwa akisema. Oh, Mola wangu.

Mheshimiwa, hakai. Mie namjua huyu, huyu hakai tena. Ameuacha mgongo wa kiti chako amemshika Wilfred bega. Wamekanyaga zulia. Kijana wa kamera, sogea, mtoto wa watu usije ukakanyagwa. Wanakwenda getini. Bwana Twaha, naona umenyanyua mkono kuuliza wanakwenda wapi. Mwanangu, shusha mkono. Mdundiko hauulizwi. Na uamuzi wako ulisema tangu mgeni aingiapo mpaka mgeni aondokapo, na mgeni huyu hapa hajaondoka, kwa hiyo ngoma bado ni halali.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ombi la mwisho ambalo halijakaguliwa. Usiondoke. Gari lako litulie, dereva wako apewe chai. Njoo nyuma yetu. Ukiwa ndani ya mdundiko huu mgeni hajaondoka, na kadiri utakavyotembea ndivyo tutakavyotembea. Tutapita msikitini, tutapita kanisani, tutapanda mpaka kwenye zile kuta. Kitambaa cha mashine utakifunua ukirudi, haina haraka, yenyewe haiendi popote.

Dua nitaimalizia njiani. Mungu akupe uzee wenye miguu, mwanetu, na akupe wa kukuita jina mguu ukisahau. Amina, itikieni huku mnatembea.

Wako katika safari hii,

Kikundi cha Wazee Bado Twenda,
Misufi Pacha. Ukitufuata ofisini leo hutatukuta.